Ukaidi Wanaosingiziwa Wazee

Liko neno moja litumikalo sana katika zahanati zetu, na katika nyumba zetu pia, nalo ni "mkaidi". Mzee akionekana kuwa hakumeza dawa zake kama alivyoagizwa, hukumu hutolewa pale pale: huyu ni mkaidi. Mwuguzi husema hivyo, mwana husema hivyo, mkaza mwana husema hivyo kwa sauti ya chini, na jirani hutikisa kichwa kwa masikitiko. Ikiisha kutolewa hukumu hiyo hapana mtu aulizaye neno jingine. Ukaidi ni tabia, na tabia, twaambiwa, ni kama ngozi ya mwili. Mtu huzaliwa nayo na huzikwa nayo. Basi ya nini kuuliza?

Nataka kulipinga neno hilo. Nalipinga kwa nguvu zaidi kwa sababu nimepata kulitumia mwenyewe, na nilimwonea kwalo mtu nimpendaye.

Mimi ni mwalimu Bisil, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Kajiado kwenda Namanga, katika nchi ya Wamaasai wa Matapato. Siku ya soko la mifugo mji wetu hujaa vumbi, mbuzi, kelele za madalali, na wazee wenye fimbo na mashuka. Mzee akiisha kuuza mnyama wake hununua sukari na majani ya chai, na siku hizi wengi hupita kuchukua vidonge kabla ya kurudi bomani. Maradhi waliyoyajua sana babu zetu yalikuwa homa, macho na kifua. Hayo hayakwisha, lakini yameongezeka mengine mawili, shinikizo la damu na kisukari, nayo yanaingia hata katika maboma ya mbali. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika Kenya karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana shinikizo la damu. Maradhi haya hayana dawa ya siku saba. Vidonge vyake humezwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, aghalabu hata mwisho wa uhai. Na ajabu yake ni kwamba mwenye shinikizo la damu huenda asisikie maumivu yo yote kabla ya kumeza, wala asisikie nafuu yo yote baada ya kumeza.

Hoja ya wapinzani wangu isidharauliwe, maana ina elimu nyuma yake. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamezigawa hulka za wanadamu katika mafungu makubwa matano: uangalifu na utaratibu wa kazi, upole kwa wenzi, uchangamfu, kupenda mambo mapya, na wasiwasi wa moyo. Kisha wamewapima wagonjwa kwa mizani hiyo, wazee wakiwamo, na katika uchunguzi mbalimbali wamekuta kwamba mtu mwenye uangalifu mwingi huelekea kutumia dawa zake vizuri zaidi, na mwenye wasiwasi mwingi huelekea kukosa. Sikatai. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka kumi, na najua kuwa yuko mtoto avalishaye daftari lake karatasi siku ya kwanza ya muhula, na yuko asiyejua hata siku moja daftari lake liko wapi. Lakini uhusiano walioukuta wataalamu hao kati ya hulka na dawa ni mdogo. Ni uzi mwembamba, nasi tumeufanya kamba ya kuwafungia wazee.

Tazameni hesabu hii. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wafuatao matibabu yao sawasawa ni wastani wa nusu tu. Nchi tajiri! Huko maduka ya dawa yamejaa, maji ni ya bomba, na saa iko katika kila ukuta. Je, tuseme kuwa nusu ya wagonjwa wa Ulaya na Marekani ni wakaidi? Kosa lifanywalo na nusu ya watu si hulka ya mtu fulani. Yamkini kazi yenyewe ni ngumu kwa mwanadamu ye yote. Matabibu wa Uyunani ya kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walikwisha onywa katika maandiko yao kuwa wagonjwa husema wamekunywa dawa kumbe hawakunywa. Hapakuwa na zahanati Bisil wakati huo.

Nitaeleza sasa habari za bibi yangu, ambaye kwetu twamwita koko. Umri wake umepita miaka 75. Tabibu wa zahanati moja alimpima akamkuta na shinikizo la damu, akampa vidonge vya aina mbili, kimoja kimoja kwa siku. Aina moja ilikuwa dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu na njema. Mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, nilitwaa usimamizi. Nilitoka shuleni jioni, nikampa vidonge vyote viwili kwa mkono wangu, nikasimama mpaka ameze. Nilijiona mjukuu mwema kupita wote. Baada ya juma la kwanza nilichoka kusimama, nikaridhika kumwachia vidonge mkononi na kuuliza baadaye, "Koko, umemeza?" Naye alijibu, "Nimemeza, mwalimu." Siku zote huniita kwa jina langu la utotoni, neno hilo "mwalimu" lingalinishtua kama ningalikuwa na masikio.

Karibu miezi miwili ilipita. Siku moja kibuyu kikuukuu cha maziwa kilianguka kutoka juu ya kitanda chake, vikamwagika vidonge. Nilivihesabu nikakuta 54. Nilikasirika, nikalitamka mbele ya shangazi zangu na watoto neno lile lile ninalolipinga leo. Koko hakujibu. Aliinama akavikusanya kimoja kimoja, maana hapendi kitu kitupwe, akanirudishia mkononi. Nami kwa hasira zangu sikuliona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu: vyote 54 vilikuwa vya aina moja, vile vya kutoa maji. Vile vingine hakuficha hata kimoja. Mtu mwenye akili angaliuliza papo hapo, ni ukaidi gani huu uchaguao?

Aliyeuliza ni dada yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kitengela, naye hakuuliza kama hakimu. Alilala na koko nyumba moja, wakazungumza gizani kama wanawake wazungumzavyo. Habari ilikuwa hii. Kidonge kile kikimezwa jioni humwamsha usiku mara tatu au nne. Choo kiko nyuma ya boma, goti lake la kushoto halikunjiki vema, na usiku fisi husikika karibu na ua wa miiba. Kumwamsha mkaza mwana amsindikize kila usiku aliona ni aibu. Kujikojolea akiwa mtu mzima aliona ni aibu kubwa zaidi. Kwa hiyo alipima, akachagua. Alikitunza kidonge kimoja akakimeza, na kimoja akakificha, asimwudhi mjukuu wake.

Tulirudi kwa tabibu tukamweleza. Alishangaa, akasema kwamba kidonge kile hufaa kumezwa asubuhi, ili kazi yake iishe mchana. Hakuna aliyeagiza jioni. Jioni ilikuwa amri yangu mimi, kwa sababu ndiyo saa yangu ya nafasi. Wakati wote huo nilikuwa nikimlaumu kikongwe kwa kutofuata agizo la tabibu, kumbe agizo alilokataa ni langu.

Labda msomaji atasema kuwa koko ni mtu mmoja, na mtu mmoja si ushahidi. Basi nitamtaja jirani yetu, mzee wa rika la Iseuri, ambaye kama mizani ile ya uangalifu ingaliletwa Matapato ingalivunjika kwa uzito wake. Ng'ombe wake huwajua kwa rangi na kwa pembe. Jioni waingiapo bomani husimama langoni, na akikosekana ndama mmoja hujua ni yupi na mama yake ni nani. Deni hulipa kabla ya siku yake. Mzee huyu alipewa vidonge vya shinikizo la damu vya mwezi mmoja, akavimeza bila kukosa hata siku moja. Vilipokwisha, hakurudi. Miezi saba baadaye alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kuume na mguu vikalegea, na ulimi ukawa mzito.

Nilikwenda kumwamkia. Nikamwuliza kwa adabu, "Baba, kwa nini uliacha dawa?" Alinitazama kwa mshangao akanijibu kwamba hakuacha, alimaliza. Ng'ombe akiugua huchomwa sindano mpaka apone. Akiisha kupona, mwenye akili hamchomi tena, maana ni hasara na ni kumtesa mnyama bure. Yeye alipewa dawa, akaimaliza kama mtu mwaminifu, kichwa hakikuuma, akajua amepona.

Nilimwambia kwamba dawa ile si sindano, ni josho. Msomaji wa mjini apaswa kuelezwa kuwa ng'ombe huogeshwa joshoni kila juma, wazima kwa wagonjwa, ili kupe wasiwaletee ndigana. Hapana mfugaji angojaye ng'ombe augue ndipo ampeleke joshoni. Wala hapana aachaye josho kwa kusema kuwa ng'ombe wake hawajaugua mwaka mzima, maana ajua kwamba hawakuugua kwa sababu ya josho. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha aliniuliza, kwa ulimi ule uliokuwa mzito, kwa nini hakuambiwa neno hilo siku ya kwanza. Ng'ombe amewaogesha miaka mingi, katika mvua na katika jua. Je, angalishindwa na kidonge? Sikuwa na jibu, na sinalo mpaka leo.

Nimetafakari sana habari za wazee hawa wawili, na nimeona kuwa mara nyingi hulka njema ndiyo imwangushayo mzee. Mkarimu humpa rafiki yake nusu ya vidonge, kwa kuwa wote wawili wameambiwa kwamba wana ugonjwa mmoja, na tangu utoto amefunzwa kuwa mtu hali peke yake mwenzake akitazama. Mwenye haya hawezi kumwambia mwuguzi aliye na umri wa mjukuu wake kwamba tangu aanze dawa amepungukiwa na nguvu za kiume. Heri aiache kimya kimya. Mwenye heshima huitikia "ndiyo" kwa kila aulizwalo, maana kumkatalia mtu aliyevaa koti jeupe ni utovu wa adabu, na akifika nyumbani hakumbuki aliitikia nini. Wote hawa huandikwa kwa neno moja.

Tena tuitazame bahasha yenyewe ya dawa. Juu yake huandikwa 1×2, ama 2×3, basi. Siku moja niliandika 2×3 ubaoni bila kueleza, nikaliuliza darasa maana yake. Wote walipaza sauti: sita! Ndivyo nilivyowafundisha, na hawakukosa. Lakini katika maboma mengi mtoto huyo ndiye msomaji wa bahasha za nyumba nzima, na vidonge sita kwa mara moja ni jambo la hatari. Mzee mwingine huambiwa ameze kila baada ya saa nane. Yeye husikia "saa nane", basi humeza mara moja tu kwa siku, jua likiisha kupinduka, na humeza kwa uaminifu wote. Mwingine huambiwa ameze baada ya chakula, mara tatu. Nani aliyesema kuwa kila boma hula mara tatu? Wako wazee wanywao chai ya maziwa asubuhi na kula chakula kimoja usiku. Vidonge vya metformini, wapewavyo wenye kisukari, huweza kuvuruga tumbo lisilo na chakula. Mzee akilitii agizo tumbo humwuma. Akingoja chakula huambiwa kuwa hasikii.

Umaskini sitaueleza kwa maneno mengi, maana waujua. Katika ukame ulioanza mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ilionekana katika nyika za Kajiado. Mzee aliyekwenda kuchukua vidonge akaambiwa kwamba vimekwisha, akanunue dukani, naye ana fedha za unga au za vidonge, si za vyote viwili, akanunua unga kwa ajili ya wajukuu, huyo alionyesha hulka gani? Mwenye kutaka kumwita mkaidi na amwite mbele ya wajukuu hao.

Ushahidi wangu mkubwa kuliko wote watoka mbali kidogo, Wajir, na si wa shinikizo la damu wala wa wazee peke yao. Ni wa kifua kikuu. Lakini mashtaka yalikuwa ya namna ile ile, na washtakiwa walikuwa wafugaji kama sisi. Ilisemwa juu ya wahamaji wa kaskazini mashariki ya Kenya kwamba ni vigumu mno kuwatibu kifua kikuu, kwa kuwa matibabu ni ya miezi mingi, na mtu wa kuhama akipata nafuu kidogo tu huwafuata ngamia wake. Walihesabiwa kuwa ni watu wasiotulia kwa asili yao. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitalia aliyekuja Kenya kama mwalimu, alipewa kusimamia huko Wajir mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu kwa wahamaji. Hakuwahubiri juu ya kutulia. Wagonjwa walikaa katika vibanda vya desturi yao mbele ya kituo, wakawa wakimeza dawa kila siku mbele ya msimamizi, miezi sita, mpaka wapone. Na wahamaji hao hao walikaa, wakamaliza. Njia ya namna hiyo, ya mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu, ilienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi katika miaka ya 1990. Tonelli aliuawa mwaka 2003 huko Borama, Somaliland, akiwa bado anawatumikia wagonjwa. Mfugaji wa Wajir hakuumbwa upya mwaka 1976. Alikuwa na hulka ile ile aliyokuwa nayo mwaka 1975, na ngamia wale wale.

Najua nitakavyojibiwa. Mwuguzi ataniambia kuwa asubuhi moja ana foleni ifikayo barabarani, na kwamba hana nafasi ya kukaa na kila mzee kuuliza habari za goti na fisi. Ni kweli, nami simlaumu yeye kwa uchache wa wenziwe. Lakini kuuliza hakuchukui muda kuliko kukaripia. "Nini kinachokuzuia kumeza?" ni maneno matatu. "Wewe mzee ni mkaidi sana" ni maneno matano, nimeyahesabu. Tena mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba. Mtu aingiaye nyumbani aweza kuona mambo yasiyoonekana zahanatini: umbali wa choo, saa ya chakula, ni nani asomaye bahasha. Lakini akiingia kuhesabu vidonge tu, kama mtoza kodi ahesabuye vichwa, basi atafichwa kama mtoza kodi alivyofichwa.

Mwingine ataniambia kuwa wazee wakaidi kweli wapo. Wapo. Namjua mmoja akataaye hata kiti akipewa. Walakini mtu huyo ameishi zaidi ya miaka 80 katika nchi ya ukame, simba na wanasiasa, na yamkini huko kukataa kwake kumemwokoa mara nyingi kuliko tunavyojua. Atakaye kumtibu na aanze hapo, aulize nini kilichomfundisha kukataa. Huenda ikawa aliwahi kupewa dawa mbaya. Huenda ikawa alimwona nduguye akipelekwa hospitali asirudi. Hata ukaidi una historia, na historia husimuliwa na mwenyewe, akiulizwa na mtu aliyekaa chini.

Nanyi wanafunzi, msidhani kuwa maneno haya ni ya wauguzi peke yao. Ninyi ndio msomao bahasha. Babu akirudi kutoka soko la Bisil, ama kutoka soko lo lote jingine, ninyi ndio mwitwao, "Mjukuu wangu, njoo unisomee." Ukimsomea "moja mara mbili" ukakimbilia mpira, hujamsomea kitu. Mwulize hula saa ngapi. Mwulize hulala saa ngapi na huamka mara ngapi. Kama hujui dawa ni ya nini, mrudishe kwa tabibu, nawe uende naye, ukaulize kwa adabu mpaka ufahamu. Usibadili saa wala kipimo kwa akili yako mwenyewe, kama nilivyofanya mimi kwa kutaka nafasi yangu.

Siku hizi koko humeza vidonge vyake viwili asubuhi, akinywa chai, kabla sijatoka kwenda shuleni. Kopo la vidonge huliweka pamoja na majani ya chai, kwa kuwa chai haisahau hata siku moja. Kibuyu kile amekisafisha kwa makaa ya oloirien, na kimerudi kutiwa maziwa. Mimi siulizi tena kama amemeza. Namwuliza alilalaje.